Viazi bila kulima, chini ya mabua ya mpunga: mkulima aliyezoea matuta unamshawishi vipi?

Ugani_Bondeni

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaokijua kilimo cha viazi mviringo vinavyowekwa juu ya ardhi isiyolimwa, kisha vikafunikwa kwa mabua ya mpunga. Kwamba njia yenyewe inafanya kazi sina shaka. Wakulima wa China kusini, Vietnam, Bangladesh na mashariki mwa India wanaitumia baada ya kuvuna mpunga. Ninachotafuta ni namna ya kumfikisha mtu aliyekulia kwenye jembe na matuta hadi akubali kujaribu, na akijaribu asiharibikiwe.

Mazingira ni haya. Mpunga unavunwa, udongo unabaki na unyevu kwa wiki chache, halijoto inashuka, halafu shamba linakaa tupu na mabua yanachomwa. Ukiwaambia wakulima wapande viazi hapo, majibu ni yale yale. Ardhi ngumu hivi kiazi kitanenepea wapi? Vyote si vitakuwa vya kijani? Panya je? Na la nne, ambalo wengi hawalisemi mbele za watu: jirani akiona shamba halijalimwa atasema mwenyewe ni mvivu.

Naomba vipimo vya shamba la mfano, makosa ya msimu wa kwanza, na majibu ya hayo maswali manne ambayo mkulima atayaona ni ya kweli.

---

Giza_na_Unyevu

Mkuu, anza na swali la kwanza, maana hilo likijibiwa vizuri la pili linajijibu lenyewe.

Kiazi si mzizi. Ni ncha ya kishina cha pembeni, stoloni, iliyovimba kwa kuhifadhi wanga. Stoloni hutoka kwenye sehemu ya shina iliyo gizani, kati ya mbegu na mahali shina linapotokeza kwenye mwanga. Ili ncha ivimbe inahitaji giza, unyevu wa wastani na ubaridi: nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi ndizo nzuri zaidi, na udongo ukikaribia nyuzi 30 uvimbaji unakwama hata kama majani yamestawi. Udongo wa tuta kazi yake ni kuleta giza na ubaridi. Mabua yakiwa mazito ya kutosha yanaleta vyote viwili. Mizizi ndiyo inayoingia ardhini kutafuta maji na chakula, na hiyo hupenya udongo usiolimwa mradi una unyevu. Kiazi kinataka giza, hakidai jembe.

Mkulima huyo haambiwi kwa maneno tu. Siku ya 45 hivi tangu kupanda, mpeleke shambani, mwambie aingize mkono chini ya mabua mwenyewe. Atashika viazi vidogo vimelala juu ya ardhi, na atashika udongo uliopoa na wenye unyevu wakati wa jirani umekauka juu. Hakuna somo linalolizidi hilo.

Sasa hatua zenyewe.

Pima unyevu kabla ya lolote. Chukua udongo wa kina cha sentimita 5, ufinyange. Ukishikamana kama mpira bila kutoa maji, panda. Maji yakichuruzika vidoleni, subiri siku kadhaa, la sivyo mbegu itaoza. Ukimong'onyoka, umechelewa: mwagilia kwanza, ngoja siku mbili tatu, ndipo upande. Hapa ndipo faida kubwa ya kutolima ilipo. Hungoji shamba likauke hadi libebe trekta au ng'ombe, kwa hiyo unapanda mapema na zao linakomaa kabla joto halijarudi.

Kata mabua ya mpunga chini kabisa. Visiki virefu huinua matandazo na kuacha uvungu wa hewa na mwanga. Kisha chimba mifereji: upana sentimita 30, kina 15 hadi 20, kila baada ya kitanda cha mita 1.2. Usiiruke eti kwa sababu tumesema hatulimi. Mashamba ya mpunga yana tabaka gumu chini lililotengenezwa makusudi kushika maji, na mvua moja ya nje ya msimu inaweza kuzamisha viazi vyote. Udongo unaotoka mferejini usiutupe, una kazi baadaye.

Weka mbegu juu ya ardhi, macho yenye vichipukizi yakiangalia juu, uikandamize kidogo ishike udongo. Mstari hadi mstari sentimita 60, mbegu hadi mbegu 25. Mbolea ya kupandia iwekwe pembeni, sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye mbegu. Ikigusa vichipukizi inavichoma. Juu ya mbegu weka samadi au mboji iliyooza kabisa, konzi mbili kwa kila mmea. Samadi mbichi ni hatari: inapata joto, inaoza na mbegu, na inaita wadudu.

Halafu mabua, sentimita 15 hadi 20 yakiwa yametandazwa bila kukandamizwa. Yatandaze yakivukana ovyo, usiyalaze yote upande mmoja. Yakilala upande mmoja mvua huyabana yakawa kama mkeka na vichipukizi vinazunguka chini yake bila kupata pa kutokea. Mwisho chukua ule udongo wa mferejini, uudondoshe mabonge mabonge juu ya mabua, kila hatua moja bonge moja. Upepo hautayabeba.

---

Kilo_kwa_Mita

Mchangiaji aliyetangulia kaeleza vizuri, ila kuna jambo linaloua mipango mingi ya namna hii na watu hulipita haraka: hesabu ya mabua.

Mpunga hutoa mabua yenye uzito unaokaribia ule wa nafaka yake. Hekta iliyotoa tani 5 za mpunga ina mabua kama tani 5 hivi, yaani nusu kilo kwa mita mraba, na sehemu ya hayo inabaki kwenye visiki. Matandazo ya viazi yanataka kilo 1.5 hadi 3 kwa mita mraba kutegemea urefu wa mabua na yalivyokauka. Kwa hiyo mabua ya shamba moja hayawezi kufunika shamba hilo hilo. Jaruba moja la viazi linakula mabua ya majaruba matatu, manne, wakati mwingine matano. Afisa ugani anayewaambia watu "funikeni na mabua yenu" bila kusema hivyo anawapeleka kwenye viazi vya kijani, na baada ya hapo hakuna atakayemsadiki tena.

Usikisie. Tengeneza fremu ya fito yenye mita moja kila upande, weka juu ya ardhi, jaza mabua hadi sentimita 20, kisha yakusanye uyapime. Hiyo ndiyo kilo yako kwa mita mraba kwa mabua ya eneo lako. Zidisha kwa eneo la vitanda, ongeza theluthi moja ya akiba. Akiba ni lazima, kwa sababu matandazo hushuka. Yaliyoanza sentimita 20 yanaweza kubaki 10 baada ya mwezi mmoja na mvua kidogo, na huo ndio wakati viazi vinaanza kuvimba. Akiba ihifadhiwe pakavu, mbali na shamba.

Kwa hiyo ukubwa wa shamba la viazi unaamuliwa na mabua aliyonayo mkulima. Mwenye ekari moja ya mpunga aanze na kipande kidogo cha kitalu, si ekari nzima.

Na uliza mapema mabua ni ya nani. Pale mifugo inapolishwa mabua, kila mzigo unaopelekwa kwenye viazi umetolewa mdomoni mwa ng'ombe. Huyo mkulima hakatai kwa ukaidi. Amepiga hesabu yake na hesabu ni sahihi. Mchanganyie: mabua ya mpunga nusu, nusu nyingine majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, au nyasi zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu. Magugu maji yaliyokaushwa juani yanafaa pia, ila yakiwa mabichi yanajaa maji na kuoza.

---

MbeguSafi

Naongeza la mbegu, kwa ufupi.

Tumia mbegu nzima, gramu 30 hadi 40, ukubwa wa yai dogo la kuku. Kukata mbegu kwenye njia hii ni kujitafutia hasara: kidonda kinakaa siku zote kwenye unyevu chini ya mabua na kinaoza, na kisu kinabeba mnyauko bakteria kutoka kiazi kimoja hadi kingine. Vichipukizi viwe vifupi, vinene, vya kijani au zambarau, urefu wa sentimita 1 hadi 1.5. Vile virefu vyeupe vya ghala la giza vinavunjika ukivigusa na havina nguvu ya kupenya matandazo. Ukitandaza mbegu kwenye vichanja mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, vichipukizi vinakuja vinavyotakiwa.

Chagua aina inayokomaa mapema, siku 80 hadi 100. Aina ya muda mrefu itakutana na joto, au na maji ya msimu unaofuata, kabla haijajaza.

---

Ugani_Bondeni

Asanteni sana wakuu. Hesabu ya mabua kwa kweli sikuwa nimeipa uzito unaostahili.

Nimepanga hivi, nisahihisheni. Shamba la mfano mita 10 kwa 10. Nusu, yaani mita 5 kwa 10, bila kulima na mabua. Nusu nyingine inalimwa na kupandishiwa matuta kama kawaida. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 25, kila mmea unachukua mita mraba 0.15, kwa hiyo mita mraba 50 ni mimea 333, mbegu kilo 12. Mbolea NPK 17-17-17 (ya naitrojeni, fosforasi na potasi) kilo 3 kwa kila nusu. Mabua nimeweka kilo 2 kwa mita mraba, kilo 100.

Maswali mawili zaidi: urea ya kukuzia inawekwa vipi wakati juu kuna mabua? Na magonjwa, je, mabua hayaongezi?

---

Giza_na_Unyevu

Hesabu yako imesahau mifereji. Kitanda cha mita 1.2 na mfereji wa sentimita 30 ni mita 1.5. Kwenye upana wa mita 5 vinaingia vitanda vitatu, na nusu mita inabaki ya mfereji wa pembeni. Kila kitanda mistari miwili, jumla mistari 6, kila mstari mita 10 wenye mimea 40. Hiyo ni mimea 240, mbegu kilo 8.4. Kila mmea ukipata gramu 9 za NPK, yaani visoda viwili visivyojaa sana, ni kilo 2.2 tu. Mabua yanafunika mita mraba 36, kwa hiyo kilo 72, ukiongeza theluthi unafika kama kilo 95.

Uzuri wake ni huu: upande wa matuta ukiweka sentimita 75 kati ya tuta na tuta, mita 5 zinachukua matuta 6 vile vile, na kila tuta mimea 40. Pande zote mbili zina mimea 240, mbegu ile ile, mbolea ile ile. Zipandwe siku moja kama ardhi inaruhusu, na kama haikuruhusu andika upande wa kulima ulichelewa siku ngapi, maana siku hizo ni sehemu ya matokeo. Mkulima hataweza kusema upande mmoja ulipendelewa.

Kuhusu urea: usiimwage juu ya mabua. Ikikaa pale bila kufika kwenye udongo sehemu kubwa ya naitrojeni inageuka amonia na kupotea hewani, na inayobaki inaliwa na vijidudu vinavyoozesha mabua. Mabua ya mpunga yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, kwa hiyo vijidudu hivyo vina njaa ya naitrojeni muda wote. Mabua yakikaa juu bila kuchanganywa na udongo, unyang'anyi huo ni mdogo, lakini upo. Njia iliyo rahisi kwa mkulima ni kuweka mbolea yote wakati wa kupanda, kwenye mstari wa pembeni, chini ya mabua. Akitaka kukuzia baadaye, afunue mabua kidogo kati ya mistari, aweke, amwagilie, afunike. Majani ya chini yakigeuka njano mapema wakati udongo una unyevu, hiyo ndiyo dalili ya naitrojeni kupungua.

---

JichoLaJani

Nijibu la magonjwa na wadudu, maana hapa ndipo ahadi za kupita kiasi hufanyika.

Bakajani chelewa, ule ugonjwa uliosababisha njaa kubwa ya Ireland kuanzia 1845, hauzuiwi na mabua. Mabua yanapunguza matone ya mvua kurusha udongo kwenye majani ya chini, lakini mbegu za ugonjwa huu husafiri kwa hewa, na majani yakikaa na umande saa nyingi kwenye halijoto ya nyuzi 10 hadi 24 unashika. Shamba likaguliwe mara mbili kwa wiki. Doa la rangi ya majimaji ukingoni mwa jani, asubuhi likiwa na utando mweupe upande wa chini: hilo ndilo. Dawa za kinga kama mankozebu hufanya kazi kabla ugonjwa haujaingia, hivyo mpango wa kupulizia ufuate hali ya hewa, na kipimo kiwe cha kwenye lebo. Upande wa mabua na upande wa matuta vipuliziwe sawa.

Mnyauko bakteria hukaa kwenye udongo na kwenye mbegu. Mmea ukinyauka ghafla bila kugeuka njano, kata shina karibu na chini, tumbukiza ncha kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni wenyewe. Ng'oa mmea, viazi vyake na udongo unaovizunguka, peleka nje ya shamba, usivitie kwenye mboji. Mzunguko wa mpunga wa maji kati ya misimu ya viazi hupunguza bakteria hao. Kufuatanisha viazi na nyanya, bilinganya au pilipili huwazidisha.

Sota, wale viwavi wa udongoni, hukata miche usiku. Asubuhi ukikuta shina limelala, fukua pale pale utamkuta. Konokono na koa wanapenda matandazo yenye maji mengi, basi dawa ya kwanza ni kupunguza maji. Mchwa ni tatizo la ardhi kavu. Nondo wa viazi hutaga kwenye viazi vilivyo wazi, kwa hiyo tundu lolote la mwanga kwenye mabua ni mlango wake pia.

Panya. Hapa mkulima yuko sahihi, usimbishie. Matandazo makavu karibu na kichaka ni nyumba bora kwa panya. Safisha ukanda wa mita 2 kuzunguka shamba uwe mtupu kabisa, usirundike akiba ya mabua pembezoni, na tega mitego tangu wiki ya kupanda badala ya kungoja viazi viliwe. Shamba moja la mabua likiwa peke yake katikati ya mashamba matupu huvuta panya wote wa jirani. Kama wakulima watatu wanne watapanda pamoja kwenye eneo moja, mashambulizi yanagawanyika na mitego inasaidia wote.

---

Kilo_kwa_Mita

Nidakie jambo moja hapo, la mabua yenyewe. Kuna dawa za magugu ya majani mapana, aminopiralidi na klopiralidi, ambazo hubaki kwenye majani makavu ya nafaka na malisho, hata kwenye samadi ya ng'ombe waliokula malisho hayo, na viazi vinadhurika kwa kiasi kidogo mno. Majani ya juu hujikunja kama kikombe na kusinyaa. Mabua yakitoka kwa mtu usiyejua alipulizia nini, jaribu kwanza: katakata mabua, changanya na udongo kwenye makopo matatu, panda maharage, na makopo mengine matatu yasiyo na mabua hayo yawe ya kulinganisha. Baada ya wiki tatu majani yakiwa ya kawaida pande zote, tumia.

---

Tuta_la_Mwinuko

Samahani kwa kuingia kati, mimi nasimama upande wa tahadhari. Naona njia hii inahubiriwa kana kwamba inafaa kila mahali, na sivyo.

Kwenye miinuko yenye jalidi, matandazo yanaweza kuongeza madhara. Udongo mtupu huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku, likayakinga majani kidogo. Mabua yanalizuia joto hilo chini, majani yaliyo juu yanabaki kwenye baridi kali peke yao. Tena udongo wa mwinuko tayari umepoa. Ukiufunika unachelewesha miche kuchomoza. Kwenye mteremko mkali mvua kubwa inateremsha mabua yote bondeni. Na udongo mkavu wa juu uliokanyagwa na mifugo miaka mingi si sawa na jaruba lililotoka kuvunwa likiwa na unyevu: mizizi haipenyi, na kumwambia mkulima wa huko asilime ni kumponza.

Hata bondeni, kuna watu njia hii haiwafai. Asiye na mabua, asiye na maji ya kumwagilia mara tatu nne msimu ukiwa mkavu, na ambaye hawezi kuzuia mifugo inayoachiliwa baada ya mavuno. Hilo la mwisho lisidharauliwe. Ng'ombe wakiingia usiku mmoja wanakula matandazo yote, na asubuhi viazi viko juani.

---

Ugani_Bondeni

Mkuu Tuta, nakushukuru, na nimeandika hilo la mifugo juu kabisa ya orodha. Kikao na wenye mifugo kitatangulia kupanda.

Vipi kuhusu maji? Na kijani: kuna dalili ya mapema ambayo mkulima anaweza kuiona kabla ya kuvuna?

---

Giza_na_Unyevu

Tuta_la_Mwinuko amesema kweli yote, na ingefaa kila afisa alianze somo lake kwa kusema wapi njia hii haifai. Wakulima humsikiliza zaidi anayewaambia hivyo.

Maji: mabua hupunguza sana kukauka kwa udongo, ndiyo maana kosa la kawaida ni kumwagilia kwa ratiba ya matuta na kuozesha mbegu. Ratiba iachwe, kila siku ya nne au ya tano ingiza mkono chini ya mabua sehemu tano tofauti, ufinyange udongo ule wa sentimita 5. Ukianza kumong'onyoka, mwagilia. Maji ya kina cha milimita 20 kwa mita mraba 36 ni lita 720. Pitisha maji mferejini yapenye pembeni kuelekea kitandani, yasipande juu ya kitanda. Wakati usiosamehe ukame ni tangu viazi vinapoanza kutunga hadi vinapojaa. Wakati usiotaka maji ni wiki mbili za mwisho. Kwenye ardhi za pwani zenye chumvi kuna faida nyingine: udongo uliofunikwa haukauki juu, kwa hiyo chumvi haivutwi kupanda kama inavyovutwa kwenye tuta tupu. Wakulima wa pwani ya Bangladesh wanaijali sana faida hiyo.

Kijani: pita shambani jua likiwa la utosini, siku ya 30, ya 45 na ya 60. Inama, tazama shinani. Ukiona udongo au ngozi ya kiazi bila kufunua kitu, mwanga unafika, ongeza mabua hapo hapo. Sehemu mbili huwa za kwanza kufunguka, kuzunguka shina upepo unapolitikisa, na kingo za kitanda kuelekea mferejini, kwa hiyo kingo zifunikwe zaidi tangu mwanzo, zishuke hadi kwenye ukuta wa mfereji.

Na mkulima aambiwe wazi kwa nini tunahangaika hivi. Rangi ya kijani yenyewe ni klorofili, haina madhara, lakini inakuja pamoja na solanini na chakonini, ambazo ni sumu, zina uchungu, na kuchemsha hakuziondoi. Kiazi kilichogeuka kijani kisiliwe wala kisiuzwe, na mifugo isilishwe.

Miche isipochomoza siku ya 25, usifunue kitanda kizima. Papasa mahali mbegu ilipo, kama kichipukizi kimejikunja chini ya mabua kitengenezee tundu dogo kipite, kama mbegu imeoza itoe.

---

MbeguSafi

Kuvuna ndiko kunakowashinda nguvu wanaobisha, kwa hiyo siku hiyo waalike hata wasiokuamini. Siku 10 hadi 14 kabla, kata majani ya viazi juu kidogo ya matandazo uyatoe shambani, ili ngozi ya viazi ikomae na ugonjwa wa majani usishuke. Acha mabua yalivyo, ukiyafunua mapema viazi vinageuka kijani siku chache tu. Jaribio la ngozi ni kusugua kwa kidole gumba, isipochubuka, vuna. Unafunua mabua, unaokota. Vingi vimelala juu, vichache vimezama sentimita chache na hutoka kwa vidole, havina majeraha ya jembe, na hilo jeraha ndilo linaloozesha viazi ghalani. Okota hata vile vidogo kabisa, kwa sababu kinachobaki kitaota chenyewe ndani ya zao linalofuata na kubeba magonjwa.

---

Kilo_kwa_Mita

Basi kwenye siku hiyo ya mavuno pimeni hivi. Achieni mistari miwili ya kando pande zote mbili, na mmea mmoja kila mwisho wa mstari. Inabaki mistari 4 yenye mimea 38, yaani 152 kila upande. Wakulima wenyewe washike mizani. Mafungu matatu, lenye viazi vizima, la vya kijani na la vilivyooza au kuliwa, yote yaandikwe, hata kama la kijani ni kubwa upande wa mabua. Likiwa kubwa, sababu karibu kila mara ni mabua machache, na ule uzito mlioandika siku ya kupanda utaonyesha hivyo.

Saa za kazi ziandikwe tangu siku ya kwanza, kila upande na daftari lake: kulima, kupanda, kubeba na kutandaza mabua, kupalilia, kupandishia udongo, kumwagilia, kuvuna, na ni nani aliyefanya. Kubeba mabua ni kazi nzito na isifichwe. Inafidiwa na palizi, kupandishia udongo na kuchimba wakati wa kuvuna, ila mara nyingi anayebeba si yule aliyepumzishwa plau. Baba akiokoa malipo ya trekta huku mama na watoto wameongezewa mizigo kichwani, kaya hiyo haitarudia msimu wa pili hata mavuno yakiwa mazuri, na afisa atabaki akijiuliza kwa nini. Tafuteni mkokoteni kabla ya kupanda, na vitanda viwe karibu na mahali mpunga unapopurwa.

Usiwaahidi mavuno makubwa kuliko ya matuta. Waahidi kile ambacho daftari litaonyesha. Na swali lako la uvivu, ambalo hakuna aliyeligusa: mpeni mkulima mwenyewe, si afisa, kazi ya kuwaeleza majirani siku ile ya 45 ya kuingiza mkono. Aliyepima mabua yake kwa fremu na kujua kilo zake anaeleza kwa uhakika, na jirani akishashika viazi chini ya mabua swali lake linalofuata huwa ni mabua atayapata wapi. Muwe na jibu lake tayari, kwa sababu kwa wakati huo mabua ya msimu huo yatakuwa yameshachomwa.

---

Ugani_Bondeni

Nimeelewa. Basi kikao cha kwanza kitafanyika kabla ya kuvuna mpunga, si baada, na ajenda zitakuwa mbili: mifugo, na kutochoma. Fremu ya mita moja nitaibeba siku hiyo hiyo.

---

JichoLaJani

Beba na mitego ya panya.